Jedwali la Ulaya na Miadi ya Mama Mdogo

Wewe unayenisikiliza, chagua kiti ambacho utaweza kukiacha bila kunipita. Nakuambia hivi kwa wema. Mimi ni mtu wa kueleza, na wanaonifahamu hujipanga mapema. Mke wangu husogea karibu na jiko, binti yangu huchomeka vile vidude vyake masikioni, na shemeji yangu hukumbuka ghafla kwamba hana hakika kama amefunga gari. Siudhiki. Naendelea na yule aliyebaki, hata akiwa amesinzia, maana aliyesinzia angalau hajaondoka.

Kazi yangu nayo inahitaji maelezo, kwa bahati yake mbaya. Nilikuja Minnesota kusoma, nikamaliza, nikabaki kama tulivyobaki wengi. Nyumba yetu iko Blaine na ofisi iko Saint Louis Park, kwenye jengo lenye madirisha yasiyofunguka. Huko nalinganisha watu wa Ulaya. Kwa maneno mengine, mtoto wa Same, mji wa joto kule nyumbani, anaamka gizani, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, anavuka mji mzima kwenye theluji, ili akajue wagonjwa wa saratani wa nchi moja ya Ulaya wanaishi muda gani wakilinganishwa na wa nchi jirani. Ulaya yenyewe naijua kwa uwanja wa ndege tu, pale tunapobadilisha ndege kwenda nyumbani. Mama yangu mzazi huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari. Siku moja nilimpigia simu nikamweleza kwa utulivu kabisa kwamba mimi si daktari, ni mtakwimu. Akasema, "Nimekuelewa, mwanangu." Wiki iliyofuata nikasikia kwamba mimi ni daktari wa Wazungu.

Kabla sijaenda mbali, nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua nimechelewa.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, anakaa Crystal, kwenye nyumba za kupanga zenye ngazi za nje. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii nikiwa na koti jembamba la kwendea kanisani. Alinifundisha kutembea juu ya barafu kama bata. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawafokea kwa Kiswahili, nao wanampenda. Majira ya baridi ninayokusimulia alikwenda kupima matiti kwa mashine, kipimo cha kawaida kwa wanawake wa umri wake. Baadaye kliniki ikampigia simu. Kuna mahali kwenye picha hapakuwaridhisha, arudi waangalie tena, na huenda wakachukua kinyama kidogo wakipeleke maabara. Wakapanga siku. Mama mdogo hakumwambia mtu. Alikuja na habari hiyo moyoni kwenye kikao chetu cha harusi, mikononi akiwa na sufuria la pilau, na sisi tulilishangilia sufuria.

Kwa hiyo sasa unajua. Utakaposikia nilichosema siku ile, utakuwa umenizidi.

Kikao kilikuwa nyumbani kwangu, kwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, kupanga sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa dada yangu. Nadhani unatujua. Watanzania watatu wakikutana kwa shughuli yoyote, mmoja ni mwenyekiti, mwingine katibu, na wa tatu anauliza kama akidi imetimia. Siku hiyo akidi haikuwa imetimia. Mwenyekiti mwenyewe, yaani dada yangu, alikuwa bado njiani, na alituma ujumbe kwamba anakaribia, jambo ambalo kwa dada yangu lina maana kwamba anatafuta viatu.

Katibu alikuwa ameniomba niunganishe kompyuta yangu na televisheni ili aonyeshe ratiba ya sherehe. Nikaunganisha. Kilichotokea kwenye kioo hakikuwa ratiba. Ilikuwa kazi yangu ya ofisini niliyosahau kuifunga: nchi za Ulaya zimepangwa kutoka juu hadi chini, kila moja na kimstari chake cha rangi. Shemeji yangu, mume wa dada, ni Mkenya, na anapenda mpira kuliko anavyonipenda mimi. Akaweka sahani chini.

"Shem, hii ni ligi gani?"

"Si ligi. Ni nchi za Ulaya."

"Nchi naziona. Nauliza, nani anaongoza na nani anashuka daraja?"

Watu wakacheka. Mtu mwenye akili angecheka nao, akafunga kompyuta. Mimi nilisimama. Nilimwona mke wangu akielekea jikoni.

"Hiki," nikasema, "ni kipimo cha uhai baada ya kugundulika. Tunachukua watu wote waliogunduliwa na saratani ya aina fulani katika nchi fulani, tunauliza wangapi bado wako hai baada ya miaka mitano."

"Kwa hiyo mtu akiugua apelekwe hapa juu," akasema katibu, akionyesha kwa mfupa wa kuku.

"Ndiyo kosa lenyewe hilo!" nikasema, na furaha iliyonipata sitaificha. Ni furaha ya fundi saa aliyeletewa saa mbovu. "Nchi inaweza kuwa juu kwa sababu inatibu vizuri, hiyo ni kweli. Lakini inaweza pia kuwa juu kwa sababu inagundua mapema tu."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Saa yetu haianzi kuhesabu siku saratani ilipoanza, maana hiyo haijui mtu. Inaanza siku ya kugundulika."

"Aki shem, unaenda mbali," shemeji akasema. "Umeniconfuse kabisa. Mimi nilitaka tu kujua nani yuko juu."

Hapo ningeweza kuachia. Badala yake nikawapa mfano. Napenda kujisifu kwamba mifano yangu naitoa kwenye maisha ya wasikilizaji, na siku hiyo maisha ya wasikilizaji yalikuwa mbele yangu, yakisubiri akidi.

"Chukueni sendoff yetu. Kadi inasema saa kumi jioni. Ukumbi unafungwa saa sita usiku, mlinzi anazima taa, wote tunatoka. Aliyefika saa kumi atasema amekaa sherehe saa nane. Aliyefika saa mbili usiku, yaani ninyi nyote, atasema amekaa saa nne. Je, sherehe ya yule wa kwanza ilikuwa ndefu zaidi? Taa zimezimwa wakati mmoja! Yeye alianza kuhesabu mapema, basi."

Katibu akarudi kwenye kuku wake. Kisha mama mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni akifunika pilau lake, akainua kichwa.

"Huyo aliyewahi, baba. Muda wote huo anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, mama mdogo. Amekaa."

"Amekaa anangoja."

"Ndiyo."

"Na chakula?"

"Hakijaja."

"Na taa zitazimwa saa ileile."

"Hasa!" Nilipiga makofi. "Mmeona? Mama mdogo ameelewa!"

Sijui kama umewahi kueleza jambo moja miaka nenda miaka rudi, kwa wanafunzi, kwa wakubwa wa kazi, kwa mke, kwa mtu aliyekaa jirani yako kwenye ndege, kisha siku moja mtu akakurudishia likiwa zima bila hata ufa. Nilitaka kumkumbatia. Sikujiuliza kwa nini mama mdogo, ambaye hajawahi kuniuliza chochote kuhusu kazi yangu zaidi ya kama wananipa likizo, alikuwa na maswali mazuri kiasi kile.

Maelezo yangu yalikuwa na sehemu ya pili. Sehemu hiyo inasema kwamba huo ni mtego wa mtu anayelinganisha nchi, ndiyo maana hatuangalii jedwali hilo peke yake, tunaangalia na vifo. Inasema pia kwamba kwa saratani nyingi, ya matiti ikiwemo, kuijua mapema na kuitibu kunaweza kabisa kuisogeza saa ya kuzima taa. Lakini hapohapo dada yangu akaingia akikung'uta theluji, akidi ikatimia, nikaambiwa niketi. Katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo mara pekee niliyosema kwa kifupi kuliko ilivyotakiwa.

Siku chache baadaye mke wangu alimpigia mama mdogo kuuliza kama atapika yeye mchuzi wa sendoff au watafute mtu. Alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo simu ilikuwa juu ya kabati, imefunguliwa sauti. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, niko mezani nakunywa chai.

"Nitapika mwenyewe," sauti ya mama mdogo ikasema. "Siku zangu sasa ziko wazi. Nilikuwa na miadi ya kliniki, nimewaambia basi."

"Miadi ya nini, mama mdogo?"

"Walitaka kunikata kinyama kwenye titi wakakiangalie. Nimewaambia waache kwanza. Mumeo amenielewesha vizuri sana."

Kisu cha mke wangu kikasimama.

"Amekuelewesha nini?"

"Kwamba wanaowahi wanakaa tu kwenye viti wakihangaika, na taa zinazimwa saa ileile. Sasa nikahangaike ya nini? Nitakuja na wenzangu chakula kikiwa tayari."

Nikuambie kitu cha aibu. Kabla sijashtuka, nilifurahi. Muda wa kumeza chai tu, lakini nilifurahi. Nilifikiri: amekumbuka mfano mzima, hata viti! Kisha nikamwona mke wangu akiniangalia, na chai ikapita njia isiyo yake.

Simu ilipokatwa hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu.

"Nenda Crystal," akasema. "Sasa hivi. Na usieleze."

Binti yangu, ambaye nilidhani hasikii kwa sababu ya vidude vyake, alinisindikiza mlangoni kwa Kiingereza. Alisema, kwa ufupi, kwamba baba, safari hii jaribu kutumia sentensi moja.

Kutoka Blaine hadi Crystal nilitunga maelezo ya kusahihisha maelezo. Kila taa nyekundu niliishukuru, kwa sababu ilinipa muda wa kuongeza kipengele. Nilipopanda zile ngazi za nje nilikuwa na hotuba yenye utangulizi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mkeo amekutuma."

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Siku ya kazi? Na beji ya ofisi shingoni?" Akaniangalia toka juu hadi chini. "Ingia, unaleta baridi."

Alikuwa anachambua mchicha mezani. Aliniwekea chai, na mimi, licha ya yote niliyoambiwa na watu wawili wanaonipenda, nikaanza.

"Mama mdogo, ile habari ya ukumbi haikuwa imekwisha."

"Wamewasha taa tena?"

"Hapana. Sikiliza. Kuna swali la nchi na kuna swali la mtu. Mimi ofisini nauliza kuhusu nchi: kwa nini hawa wanaonekana kuishi zaidi kuliko wale? Hapo ndipo suala la kuanza kuhesabu mapema linatudanganya. Lakini wewe si nchi. Kwako wewe inategemea kama kuna kitu au hakuna, na wengi wanaoitwa tena hukutwa hawana kitu. Na kama kipo, inategemea ni cha aina gani, kimefika wapi, umri wako, na halafu..."

Niliendelea. Nadhani niligusa hata suala la nchi ambazo zinaandikisha wagonjwa wa mkoa mmoja tu badala ya nchi nzima, sijui kwa nini. Mama mdogo alimaliza fungu la kwanza la mchicha akachukua la pili.

"Mwanangu," akasema mwishoni, "siku ile ulisema kwa kifupi, nikaelewa. Leo unasema kwa kirefu, sielewi. Nishike lipi?"

Nilikunywa chai.

"Halafu usidhani ni wewe peke yako uliyenizuia," akaendelea. "Usijipe ukubwa. Wewe ulinipa sababu, na mimi nilikuwa nimekuja kutafuta sababu. Unajua ninachoogopa?"

"Ugonjwa."

"Kamati."

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania.

"Nikitamka neno hilo tu, mtaunda kamati. Dada yako mwenyekiti. Yule wa mfupa wa kuku katibu. Kundi kwenye simu, na picha yangu, na ile mikono ya kusali. Kila Jumamosi mtu analeta supu, anaketi kwenye kochi langu ananiangalia kama ninapungua. Na wewe mtaalamu wa kamati, umesimama hapo na Ulaya yako. Mimi naogesha watu, baba. Najua mwili wa mtu ukishageuka shughuli ya watu unavyokuwa. Wanaongea juu yako wewe ukiwepo. Nawaona kila siku."

Mchicha ulikuwa umekwisha lakini mikono yake iliendelea kutafuta majani mezani. Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote, na nilikuwa nimemletea utangulizi na vipengele.

"Hebu weka kando nchi zako," akasema. "Kiti hiki angekaa mama yako, dada yangu. Ameitwa na kliniki. Ungemwambia aende au asiende?"

"Kwanza ingebidi tutenganishe..."

"Aende au asiende?"

"Aende."

Akasukuma mchicha kando.

"Hili halina maelezo?"

"Ninayo."

"Najua unayo. Baki nayo." Akasimama akaosha mikono. "Utanipeleka wewe. Hakuna kamati, hakuna kundi, dada yako nitamwambia mwenyewe siku nitakayotaka. Na ndani ya gari hunielezi saratani."

Nikakubali. Alipiga simu kliniki mbele yangu, kwa Kiingereza kile anachozungumza na watoto wa wazee wake kazini, kikavu na chenye adabu, akarudisha miadi yake. Wala hakuniuliza siku ipi inanifaa.

Siku ya kwenda kulikuwa na theluji ya kutosha kumfanya kila mtu barabarani awe mpole. Nilishika usukani kwa mikono miwili na mdomo kwa meno. Tulipoingia barabara kuu mama mdogo akanihurumia.

"Unaruhusiwa kidogo," akasema. "Eleza kitu kisichonihusu."

Nikamweleza kwa nini wanamwaga chumvi barabarani. Nilieleza chumvi hadi tukafika mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mtu aliniambia asante, imetosha, kwa sauti ya mtu aliyeshiba badala ya aliyechoka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisema wataangalia tena kwa picha, na kama bado hawaridhiki watatia ganzi wachukue kipande kidogo sana. Mimi nikageuka kumtafsiria mama mdogo, na katika kutafsiri nikaona vyema kugusia ganzi inavyofanya kazi, na maana ya kipande kidogo, na maabara.

"Yeye amesema kidogo," mama mdogo akanikatiza. "Wewe unahubiri. Nilimsikia. Niko nchi hii kabla yako."

Daktari, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, alicheka. Kisha muuguzi akamchukua mama mdogo, mimi nikabaki kwenye viti.

Nilikaa pale na koti lake mapajani. Kwenye kompyuta yangu ya ofisini kila mgonjwa ni mstari mmoja. Kuna umri wake, kuna nchi yake, na kuna sehemu ya siku ya kugundulika, ambayo tunaikagua kwa ukali sana, kwa sababu ikikosewa hesabu yote imekosewa. Nimeipitia mistari hiyo mingi kuliko watu wote niliowahi kusalimiana nao. Sikuwahi kujiuliza siku hiyo nani aliendesha gari. Sikuwahi kufikiri kwamba pale kila mstari unapoanza, kuna mtu nje ya mlango amekaa na koti la mwenzake, anasoma tangazo la chanjo ya mafua kwa mara ya tatu, na hana la kumweleza mtu. Nilijaribu kumweleza bwana mmoja aliyekuwa karibu nami. Akahama kiti.

Majibu yalikuja kwa simu. Mama mdogo alinipigia mimi baadaye, nikiwa ofisini, na nilijua kwa jinsi alivyoruka salamu.

"Kipo," akasema. "Kidogo. Wanasema hakijaenda popote. Watakitoa, halafu mionzi."

"Sawa, mama mdogo."

"Husemi kitu?"

"Nasema sawa."

"Umeanza kunitisha sasa. Haya, niulize swali lako. Saa yangu imeanza kuhesabu leo?"

"Kwa kanuni zetu tunaihesabu tangu siku walipochukua kile kinyama."

"Na Ulaya wananihesabu?"

"Hapana. Wewe uko Minnesota."

"Hasara yao," akasema, akakata simu.

Alifanyiwa upasuaji. Aliendelea kwenda kwenye mionzi, mimi nikimpeleka asubuhi kabla ya kazi, na katika safari hizo nilimaliza mada ya chumvi nikaingia kwenye matairi ya baridi. Dada yangu aliambiwa na mama mdogo mwenyewe, jikoni, wawili tu, kama alivyosema. Dada akalia, akafuta machozi, kisha akasema inabidi tukutane tujipange. Mama mdogo akamjibu kwamba kamati ipo tayari, ina mjumbe mmoja, naye ni dereva na haruhusiwi kuchangia hoja.

Daktari anasema anaendelea vizuri. Ningeweza kukueleza maana ya "vizuri" katika hali kama yake, na tofauti kati ya mtu mmoja na wastani wa watu wengi, lakini nimekatazwa, na mwenye katazo anaweza kusikia haya.

Siku ya sendoff tulifika ukumbini saa kumi. Ndiyo, saa kumi ya kwenye kadi. Alinilazimisha. Mchuzi alikuwa amepika mtu mwingine, kwa amri ya daktari, na mama mdogo alitaka auone kabla haujamwaibisha. Ndani kulikuwa na viti, vitambaa vya meza vilivyokunjwa, na kijimtambo cha muziki kikijaribiwa na mtu aliyeshangaa kutuona. Tukaketi. Hakukuwa na soda.

"Haya," akasema. "Tumewahi. Tumekaa kwenye viti, chakula hakijaja. Kama ulivyosema."

"Kama nilivyosema."

Akainuka akaenda jikoni, mimi nyuma yake. Sufuria kubwa la mchuzi lilikuwa juu ya moto, mpishi alikuwa nje anaongea na simu, na harufu ilikuwa imeanza kubadilika. Mama mdogo, kwa mkono wa upande ambao haukupasuliwa, alizima moto, akachukua mwiko, akakoroga kutoka chini taratibu, akaonja, akaongeza maji. Alinipa mwiko nimalizie. Kisha akarudi ukumbini akatembea kati ya meza tupu, akachagua moja iliyo mbali na spika na karibu na mlango wa choo, akaweka mkoba wake juu ya kiti.

Nilisimama na mwiko ukidondosha mchuzi kwenye kiatu changu. Maelezo yangu ya sehemu ya pili, kwamba anayewahi anaweza kuokoa kitu, yalikuwa yamefanyika yote mbele yangu, bila jedwali, na wageni wa saa mbili usiku wangekuja kuusifu mchuzi.

Nilifungua mdomo. Aliniona toka mbali, akanyanyua kidole. Nikaufunga.

Basi na mimi nitasema kifupi, safari hii kifupi kinachotakiwa. Ukipigiwa simu na kliniki ukaambiwa urudi waangalie tena, rudi. Chukua siku ya karibu zaidi watakayokupa, kisha mwombe mtu mmoja mwenye gari akupeleke.